Mawifi Walivyotuogesha Wanyange

Ilianza Jumamosi, siku ya pili ya Idi, saa moja kasoro dakika kumi asubuhi. Saa naikumbuka kwa sababu mama alikuwa amesimama mlangoni na simu mkononi, anatupigia kelele kwamba tumechelewa, na dada alikuwa bado anatafuta soksi.

Soksi, na joto lile. Lakini nyumbani kwetu hakuna aliyeshangaa. Dada yangu ana mabaka meupe. Yalianza kwenye goti la kushoto mwaka ule aliomaliza shule, doa dogo tu, sasa yameshuka mpaka nyayoni na mengine yako mgongoni. Hayaumi wala hayawashi. Daktari alisema hayaambukizi, ni rangi ya ngozi imepotea, basi, akampa mafuta ya kupaka ambayo hayakufanya kitu. Mimi nalala naye kitanda kimoja tangu utotoni na sina hata doa moja. Tuliokuwa tunajua ni mama, mimi na daktari, au ndivyo tulivyodhani. Mama alishatoa amri: mpaka nikaha ipite, asifungue mtu mdomo. Akishakuwa mke, mume ataona mwenyewe, atazoea.

Nikaha ilikuwa imebaki wiki mbili. Mchumba ni kijana wa Jinja, anafanya kazi kiwandani, anakaa mtaa wa Walukuba pamoja na dada zake wawili kwa kuwa wazazi wao walishafariki. Posa ilikwisha pokelewa. Mchele na sukari walivyotuletea tulivifuturia Ramadhani nzima. Hao dada zake ndio mawifi, na ndio waliopiga simu siku ya Idi yenyewe, sauti zao tamu: kesho mleteni wifi yetu, tumtembeze ziwani, bichi ya Wanyange, tuzoeane kabla hajaingia nyumbani.

Kwetu msichana aliyeposwa hatembei peke yake kwenda upande wa mchumba. Lazima afuatane na mdogo wake, ili baadaye mtu asije akazua neno. Mdogo ni mimi. Nina miaka kumi na sita, niko mwaka wa nne sekondari, mwaka wa mtihani, na nina aibu kiasi kwamba walimu wameacha kuniuliza maswali. Wenzangu darasani wananiita "Afande" kwa sababu nyumbani tunazungumza Kiswahili, na kwao Kiswahili ni cha kambini, cha wanajeshi. Wananipigia saluti ninapopita. Sijawahi kuwajibu.

Mama alinifunga ushungi kwa nguvu, akaniambia, "Wewe kazi yako kumwangalia dada yako. Wakisema kaa, kaa. Wakisema kula, kula. Usiende kuwaonyesha kiburi."

Kiburi nitakitoa wapi mimi?

Tulishuka kwa miguu kutoka mtaa wetu chini ya mlima Wanale mpaka paki, kituo cha magari cha Mbale. Teksi ya Jinja, basi dogo, tuliikuta imejaa vichwa, kondakta anapiga bati la mlango, "Jinja moja, Jinja moja, imebaki mmoja!" Tukapanda, na papo hapo watu wawili wakashuka. Wakapanda wengine, wakashuka wawili tena. Ni watu wa paki, kazi yao kukaa ndani ili gari lionekane liko tayari kuondoka. Tulikaa humo karibu saa nzima tukitazama abiria wa uongo wakiteremka mmoja mmoja.

Dada alininong'oneza, "Mawifi nao wangekuwa hivi. Mimi napanda, wao wanashuka."

Tulicheka mpaka mama mmoja wa kiti cha mbele akageuka kututazama. Nauandika mcheko ule kwa sababu siku hiyo hatukucheka tena.

Tulipokwisha toka mjini, mashamba ya mpunga yameanza, dada alisogeza mdomo sikioni kwangu.

"Leo namwambia."

"Unamwambia nani nini?"

"Yeye. Jioni akitoka kazini atakuja kutusindikiza paki. Nitamwambia kwa mdomo wangu. Akitaka kuona nitamwonyesha mguu hapo hapo."

"Na mama?"

"Mama haolewi," alisema. Kisha akasema, "Kila usiku ananipigia simu, ananiambia nimchekee kidogo ndipo alale. Mtu kama huyo nimwingie nyumbani na soksi?"

Kweli alikuwa anampigia kila usiku. Nimelala kitanda kile, nimezisikia simu zote. Dada alikuwa anajifunika blanketi kichwani anacheka kimya kimya, kitanda kinatikisika. Nilikuwa nakasirika, nataka kulala. Lakini nilijua kwamba yule mtu anampenda, au anapenda kucheka kwake, na kwamba dada kwa upande wake ameshakwenda kabisa, harudi.

Mawifi walikuwa wanatungoja Jinja, penye kituo cha teksi. Wifi mkubwa ni mwanamke mnene, mweupe, ana duka la vitambaa sokoni. Wifi mdogo ni wa rika la dada, mwembamba, simu haimtoki mkononi. Walitukumbatia. Wifi mkubwa alipomwachia dada hakumwachia kabisa, alibaki ameshika mkono wa gauni lake katikati ya vidole viwili, anausugua.

"Hiki cha Mbale?"

"Ndiyo, wifi."

"Wamekuibia." Akamtazama mpaka chini. "Na soksi? Wifi, unakwenda bichi au unakwenda kucheza mpira?"

"Mbu," dada alisema.

"Mbu mchana!" Wifi mdogo alicheka. "Mbu wa Mbale hawalali?"

Tukapanda boda mbili, mimi na dada nyuma ya moja, wao nyuma ya nyingine. Njia ya Wanyange inapanda kidogo halafu inateremka, na ziwa linatokea lote mara moja upande wa chini. Nilikuwa nimeliona ziwa darajani tu, dirishani mwa gari la shule. Nilitaka kumwambia dada atazame lakini alikuwa ameinamisha uso kwa ajili ya vumbi.

Bichi yenyewe ni kipande cha mchanga kilichozungushiwa matete, na upande wa pili wavuvi wameanika dagaa. Harufu ile inakaa nguoni. Siku ya Idi pili watu walikuwa wengi, spika mbili zinapiga nyimbo mbili tofauti. Getini kulikuwa na mlinzi, mzee wa kaskazini aliyewahi kuwa jeshini, kofia yake mpaka leo ya kijani, na nyuma yake kamba imetundikwa kaptula na fulana za kuogea za kukodi.

"Hapana ingia maji na nguo ya pamba!" alikuwa anaambia kila mtu. "Pamba nakunywa maji, navuta mtu chini. Mimi natoa maiti mbili mwaka jana. Kwenda kodi nguo!"

"Sawa, afande," wifi mkubwa alimjibu, akatupitisha. Alikuwa anajua sehemu. Alitupeleka mbali na spika, nyuma ya mawe, mahali wanawake wanapoogea wenyewe kwa wenyewe. Kulikuwa na wanawake kama kumi na watoto wao.

Tulitandika khanga, tukala samaki wa kukaanga kwenye sinia moja, mikono minne. Mawifi walikuwa wanamchagulia dada minofu. Wifi mkubwa alimuuliza kama anajua kupika pilau ya watu wengi, kama analala mapema, kama kwao kuna mtu ana kifafa. Dada alijibu kila kitu kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa natoa miiba.

Adhuhuri ilipoingia wifi mkubwa alisema tuswali kwanza, ziwa halikimbii. Mawifi walitawadha pale pale ufukweni. Dada alisema anakwenda kujisaidia, akatawadha kwenye bomba nyuma ya vyoo, peke yake. Aliporudi soksi zilikuwa zimelowa, amezivaa juu ya miguu yenye maji. Niliona wifi mdogo akimwangalia mwenzake. Tukaswali sote wanne, wifi mkubwa mbele yetu.

Tulipomaliza akakunja khanga, akasema, "Haya, tukodi nguo tukaoge."

"Mimi sitaingia, wifi," dada alisema. "Niko kwenye siku zangu."

Lilimtoka tu. Alikuwa ameliandaa tangu asubuhi, nadhani, na akasahau kwamba tumetoka kuswali. Mimi nilishtuka kabla yao. Mwanamke aliye kwenye siku zake haswali, hata mtoto wa madrasa anajua.

Wifi mdogo alianza kucheka. Wifi mkubwa hakucheka.

"Na hiyo swala uliyoswali sasa hivi," alisema, "ulimswalia nani?"

Dada akawa anatazama sinia.

"Nakuuliza, wifi. Umesimama nyuma yangu umerukuu, umesujudu. Ulikuwa unamdanganya Mungu au unanidanganya mimi?"

"Naogopa maji," dada alisema.

"Sasa ni maji."

Mabega ya dada yalikuwa yanapanda na kushuka kama ya mtu aliyekimbia. Nikafikiri mmoja wetu akiingia yatakwisha, watacheka, watasema watu wa mlimani waoga, tutarudi nyumbani. Nikasimama.

"Mimi nitaingia," nikasema.

Ndiyo maneno ya kwanza niliyosema mbele yao tangu salamu.

"Aa, kumbe ana ulimi!" wifi mdogo alisema.

Nilikodi kaptula ya buluu inayofika magotini na fulana kubwa yenye harufu ya watu. Nilipoingia majini mawifi waliingia nami, mmoja huku mmoja huku. Maji yalikuwa ya vuguvugu, chini tope laini linaingia katikati ya vidole. Walinimwagia maji kichwani. Walinigeuza. Wifi mkubwa alinishika mkono, akaupitishia kiganja kutoka kiwiko mpaka vidoleni, taratibu, kama alivyosugua gauni la dada kule kituoni, akaniambia nigeuke tena.

"Huyu safi," alimwambia mdogo wake.

Nilidhani ananisifu. Nilitabasamu.

"Uko mwaka wa ngapi?"

"Wa nne."

"Kwa hiyo mwaka huu unamaliza."

"Ndiyo, wifi."

"Una maradhi yoyote?"

"Hapana, wifi."

"Kunyamaza hivi ndio tabia yako, au unatuogopa?"

Sikujibu, wakacheka wote wawili, na wanawake wa karibu wakacheka. Halafu wakaniacha, wakatoka majini, wakamwendea dada.

Walimnyanyua kama mchezo. Mmoja kwapani, mmoja miguuni. "Bibi harusi! Bibi harusi hajaogeshwa!" Wanawake wakapiga vigelegele, watoto wakakimbilia. Mtu yeyote aliyepita angeona furaha tupu. Dada alikuwa anasema, "Wifi, tafadhali. Wifi, tafadhali," kwa adabu ile ile mpaka mgongo wake ukagusa maji. Walimtumbukiza na gauni lake lote. Alipoinuka kutafuta pumzi, wifi mdogo alikuwa bado ameshika mguu mmoja, na soksi ikavutika, ikatoka, ikabaki mkononi mwake.

Akauinua ule mguu juu. Gauni lilikuwa limepanda mpaka gotini.

Vigelegele vilikatika kimoja kimoja. Mwanamke mmoja aliita watoto wake watoke majini, na wale wengine wakaita wa kwao.

Dada alinitazama mimi. Sikuwa mbali, maji yalikuwa yananifika magotini. Alinitazama kwa muda wa kutosha kabisa mtu kusema kitu: kwamba haiambukizi, kwamba nalala naye, kwamba nitazameni mimi mliyeniita safi. Maneno yote hayo nilikuwa nayo. Nilisimama nayo.

Wifi mkubwa alitoka majini akachuchumaa, akachota mchanga, akajisugua mikono, kiganja, mgongo wa kiganja, katikati ya vidole, kama mtu aliyeshika samaki aliyeoza.

"Mtu wa Mbale alituambia," alisema bila kupandisha sauti. "Tukasema tusimsingizie mtoto wa watu, tuone kwa macho yetu. Tumeona."

"Haiambukizi, wifi. Daktari alisema."

"Mimi si daktari. Mimi nauza vitambaa. Jora likija na doa, nalirudisha lilikotoka, sigombani na mtu."

Dada alikuwa amekaa kwenye maji ya chini, gauni limevimba kumzunguka. "Naomba nimwambie mwenyewe," alisema. "Jioni, akija. Naomba hilo tu."

"Ameshaona," wifi mdogo alisema, akageuza simu kumwonyesha picha ya mguu, aliyoipiga na kuituma wakati mimi na dada tunatazamana.

Yule mlinzi alitokea nyuma ya mawe anapuliza filimbi. Alifikiri mtu anazama. Alipomwona dada na gauni lake akakasirika.

"Wewe dada! Nguo ya pamba ndani ya maji hapana! Mimi nasema mara ngapi? Nataka kufa, kwenda fia kwenu!"

Waliomtia majini walikuwa wamesimama pembeni, wakavu mabegani, na hakuwaambia neno. Dada alimwomba msamaha. "Nisamehe, afande," alisema, akatoka akitembea na soksi moja.

Mawifi walikusanya khanga zao. Wifi mdogo alisukutua mdomo kwa soda, akatema kando ya sinia tuliyolia pamoja. Wifi mkubwa aliniaga mimi kwa mkono. Dada hakuagwa.

Bodaboda wa kwanza alimtazama dada, akasema atamlowesha kiti. Wa pili alikubali. Tulikwenda moja kwa moja paki na tukakaa kwenye benchi la mbao, dada akivuja maji ya ziwa, kwa sababu alisema mchumba atachelewa kidogo tu, atakuja, si mtu wa kuhukumu kwa picha. Alipiga simu. Iliita mpaka mwisho. Alipiga tena, ikaita mpaka mwisho. Alimwandikia ujumbe na akaniambia nimsomee kama umetoka vizuri. Ulikuwa umetoka vizuri. Teksi ya Mbale ikajaa ikaondoka, ikaja nyingine nayo ikajaa ikaondoka. Kondakta wa ya tatu alituuliza kama tunasafiri au tunalinda benchi. Muda wa watu wa kiwandani kutoka ulipita, tuliwaona wakipita na baiskeli zao. Hapo ndipo dada alisimama na kupanda.

Gari liliposimama Iganga na wauza ndizi za kuchoma wakaja madirishani, dada alisema, bila kunigeukia, "Leo umesema mara moja tu. Umesema, mimi nitaingia."

Nikanunua ndizi, nikampa. Alizishika mpaka Mbale, zikapoa.

Mama alituona tunaingia na akaelewa kutoka mlangoni. Alimtazama dada kuanzia ushungi uliokaukia tope mpaka miguuni, na alichouliza ni hiki: "Soksi nyingine umeiacha wapi? Nimezinunua juzi."

Baada ya isha simu ya mama ililia. Spika yake ya sikioni iliharibika, kwa hiyo kila anayempigia tunamsikia nyumba nzima. Alikuwa wifi mkubwa. Alianza na salamu ndefu, akauliza mafua ya mama, akasema Idi Mubarak.

"Mama, tumekuta mambo ambayo hatukuambiwa. Hatukulaumu. Mzazi ni mzazi."

"Mwanangu, lile ni jambo dogo," mama alisema. "Daktari..."

"Nimelisikia la daktari. Mama, sisi hatutaki aibu, wala nyinyi hamtaki. Watu wanajua kuna harusi. Posa yetu mnayo na hatujaidai. Yule mdogo tumemwona. Ngozi yake safi, ana adabu, hasemi hovyo. Tubadilishe jina tu."

Nilikuwa nakuna nazi. Niliendelea kukuna.

"Huyu ni mwanafunzi," mama alisema.

"Amesema anamaliza mwaka huu. Tutangoja mtihani, hatuna haraka."

"Na kaka yenu amesema nini?"

"Kaka atasema tutakachomwambia."

Nilingoja mama amtukane. Mama yangu anajua kutukana, sokoni wanamwogopa. Kwenye simu nikasikia Jinja mtu anafungua bomba, anajaza ndoo. Halafu mama akasema, "Ngoja nizungumze na walii wao."

Walii ni baba mkubwa. Tangu baba afariki yeye ndiye mwenye idhini ya kutuoza. Ana bucha karibu na soko, na mimi sijawahi kuzungumza naye zaidi ya shikamoo.

Simu ilipokatika mama alijifuta uso kwa upindo wa khanga. Alimwambia dada, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko kutukana, "Wewe tutakutafutia mtu mzima, mwenye watoto wake. Wapo wasiojali." Kisha akanigeukia mimi. "Kijana mwenyewe si mbaya. Anasali, hanywi. Baba mkubwa atakuja kesho baada ya adhuhuri, atakuuliza."

Niliinamisha kichwa juu ya nazi.

"Na wewe nakujua," mama alisema. "Utainamisha kichwa hivyo hivyo. Basi inatosha, msichana akinyamaza amekubali. Ndivyo ilivyo katika dini."

Ndivyo ilivyo, hata madrasa tulifundishwa: walii anamuuliza mwali, na mwali kwa kuwa ana haya, kimya chake kinahesabiwa ndiyo. Tulipofundishwa wenzangu walinigeukia wote wakacheka, wakasema huyu ataolewa na kila anayepita.

Tulipolala dada aligeukia ukutani. Aliniachia blanketi lote.

"Jifunike," nilimwambia.

"Sitaki."

Kisha akauliza, "Ulipoingia majini, ulijua wanakukagua?"

"Sikujua."

"Mimi nilijua," alisema. "Nilimwona anavyokushika mkono. Ningeweza kukuita utoke. Nikasema moyoni, acha, wakishiba kwa huyu wataniacha mimi."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema amefunga mlango. Sikulia. Nadhani hata yeye hakulia. Simu yake ilikuwa chini ya mto, na haikulia hata mara moja.

Asubuhi niliamka kabla ya adhana. Nilivaa sare ya shule ijapokuwa ilikuwa Jumapili, kwa sababu sikuwa na nguo nyingine ambayo ndani yake najisikia mtu. Nilikwenda buchani kwa miguu. Baba mkubwa alikuwa ananing'iniza paja la ng'ombe kwenye ndoano, amevaa koti jeupe lenye damu, na wateja wawili wanangoja, mmoja askari magereza mwenye kikapu. Nilikuwa nimepanga kungoja waondoke. Nilijua nikingoja nitanyamaza.

"Shikamoo, baba mkubwa. Mimi sikubali."

Askari magereza aligeuka. Baba mkubwa alibaki na paja begani.

"Hukubali nini?"

Ikaonekana mama hajampigia bado. Ilibidi nieleze mwenyewe, ila la mguu nililiruka, mbele ya wale watu na nyama: Jinja, mawifi, kubadilisha jina. Sauti yangu ilikuwa inatoka ndogo, mara mbili aliniambia nirudie. Nilirudia. Nilisema mimi nasoma. Nilisema nikija kunyamaza mchana wasihesabu, jibu langu ni hili la sasa.

Alilitundika lile paja, akaipima ndoano kwa mkono kama inashika. "Nimesikia," alisema. "Mchana sitakuuliza." Akachukua kisu. "Na dada yako? Yeye anasemaje?"

Wateja wote wawili walikuwa wananitazama. Mguu, soksi, daktari, simu iliyoita paki mpaka mwisho, vyote vilinifika mdomoni.

"Hajanituma," nikasema.

Nikamwamkia shikamoo mara ya pili, kana kwamba ndiyo kwanza nafika, nikarudi nyumbani, nikachukua dumu kwenda kuchota maji.